Dawa ya kifafa ilimbabua binti yangu ngozi, na sasa ameanza kuanguka tena

Mshauri, salaam.

Mimi ni mkulima wa viazi huku milima ya Uporoto, baba wa watoto wanne. Naandika kuhusu binti yangu wa pili, ana miaka 20. Alianza kuanguka kifafa akiwa na miaka 17: anapiga ukelele mmoja, anakakamaa, anatetemeka dakika mbili hivi, povu linamtoka, kisha analala kama mtu aliyelewa. Tulihangaika kwa bibi yake, tukahangaika kwenye maombi, mwishowe mimi ndiye niliyesema twende hospitali. Naomba ulishike hilo, maana ndilo ninalorushiwa usoni kila siku hapa nyumbani.

Alipewa karbamazepini, kidonge cha miligramu 200 asubuhi na jioni. Nesi alitusisitiza sana: msikatishe hata siku moja, mkikatisha kifafa kitarudi kwa nguvu. Kazi hiyo nikaichukua mwenyewe. Asubuhi kabla ya shamba na jioni tukirudi, namwekea kidonge kwenye kiganja, nasimama mpaka ameze.

Siku ya 13 akaamka na homa, koo linauma, macho mekundu, anasema yanamchoma kama ameingiwa na moshi. Tukajua ni mafua ya baridi hii yetu ya mwezi wa sita. Siku ya 14 nikaenda duka la dawa, nikapewa panadol na Septrin. Siku ya 16 vikatoka vipele vyekundu kifuani na usoni, vingine vina weusi katikati. Mama yake akasema ni surua. Muda wote huo niliendelea kumpa dawa ya kifafa, kwa sababu niliambiwa nisikatishe. Siku ya 17 midomo ilivimba ikajaa malengelenge, hata mate hamezi, na bado nilimpondea kidonge nikamnywesha kwa kijiko. Siku ya 18 asubuhi mama yake alipomgeuza kitandani, ngozi ya mgongoni ilibaki kwenye shuka, kama ganda la kiazi kilichochemshwa kikapitiliza.

Alilazwa siku 24. Mungu ni mwema, akapona. Tulipotoka tulipewa karatasi imeandikwa kwamba alipata ugonjwa wa Stevens-Johnson kwa sababu ya karbamazepini, asipewe tena. Tuliambiwa turudi kliniki baada ya wiki mbili. Nauli na aibu vilituzuia, hatukurudi.

Sasa ni karibu miezi minne tangu alazwe. Ngozi imerudi ingawa ina madoa meusi, kucha zinaota upya, ila macho yanakauka na jua linamuumiza. Wiki tano za kwanza nyumbani hakuanguka, tukasema labda ugonjwa ulitoka na ile ngozi. Kisha ukaanza. Ameanguka mara nne katika wiki saba. Mara ya nne alikuwa anapuliza moto jikoni, mkono wa kushoto ukaingia kwenye mafiga.

Nikampeleka kituo cha afya cha jirani akafungwe kidonda. Mtaalamu tuliyemkuta, kusikia ni kifafa, akatupa fenobabitoni vidonge 30, bure. Ile karatasi nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nilimwambia kuna dawa ilishawahi kumbabua, akasema hii ni nyingine. Vidonge viko kabatini siku ya tisa leo, sijampa hata kimoja. Baadaye nikaenda peke yangu Mbeya mjini kwa daktari wa binafsi, akanitajia dawa mbili: valproeti, ambayo ni nafuu, na levetirasetamu, ambayo kwa mwezi itanila karibu gunia zima la viazi.

Mke wangu anasema kidonge kingine hakitaingia mdomoni mwa mtoto wake, bora kifafa anachokijua. Mama yangu mzazi anataka tumrudishe kwa mtaalamu wake wa unga wa mizizi. Shemeji zangu wanasema mimi ndiye niliyemuunguza mtoto. Kuna kijana wa Tukuyu alishaleta barua ya posa kabla ya haya yote, na kwao wameanza kuuliza. Mimi usiku nahesabu: siku ya 13 mpaka ya 17, asubuhi na jioni, vidonge kumi, vyote kwa mkono wangu.

Nimpe dawa nyingine imbabue tena? Au nimwache, moto ummalize?

Baba wa Uporoto

*

Baba, nimeipokea barua yako na nimeisoma zaidi ya mara moja. Pole sana. Pole kwa binti, pole kwa mama yake aliyeinua lile shuka, na pole kwako unayehesabu vidonge usiku.

Nianze na kile kilicho kabatini, maana hakisubiri mazungumzo ya familia. Ulifanya vema kutompa. Naomba viendelee kukaa hapo mpaka daktari anayejua kifafa aione karatasi ya hospitali kwa macho yake. Aliyekwambia "hii ni nyingine" alisema kweli kwa jina tu. Karbamazepini, fenitoini, fenobabitoni, lamotrijini na okskarbazepini ni ukoo mmoja. Molekuli zake zina pete ya aina moja, na ini likizivunja hubaki vipande ambavyo kinga ya watu wachache huviona kuwa ni adui. Kinga hiyo ikishaamka, chembe zake huua chembe za ngozi, tabaka la juu likaachana na la chini. Ndicho mama yake alichokiona kwenye shuka. Mtu aliyebabuliwa na mmoja wa ukoo huu ana uwezekano mkubwa wa kubabuliwa na ndugu zake wengine, na mara ya pili mwili haungoji siku 13. Unaweza kulipuka ndani ya siku moja au mbili, tena kwa ukali zaidi. Simlaumu yule mtaalamu wa kituo. Fenobabitoni ndiyo dawa iliyozoeleka kwenye vituo vyetu, ni nafuu, na imewatuliza wengi. Bila karatasi mbele yake alikosa kitu cha kumshtua.

Kwa sababu hiyo hiyo, msimrudishie ile karbamazepini hata robo kidonge "tuone kama atazoea". Boksi lililobaki lirudisheni hospitali au duka la dawa, lisibaki nyumbani.

Sasa nirudi kwenye vile vidonge kumi.

Nisingekuwa mkweli nikikwambia kwamba havikuwa na uzito. Dawa iliyoanzisha ugonjwa huu ikisimamishwa mapema, nafasi ya mgonjwa huwa nzuri zaidi. Lakini tazama ulikuwa umeshika nini mkononi. Ulipewa agizo moja: usikatishe. Ni agizo sahihi, kwa kuwa mgonjwa wa kifafa anayekatisha dawa ghafla anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka. Lina sharti lake, nalo hukuambiwa: ikitokea homa na vipele ndani ya wiki nane za kwanza, au vidonda mdomoni, au macho yanayochoma, usimpe kidonge kinachofuata, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na huko ndiko atakakolindwa na dawa nyingine kama diazepamu wakati ile ya kwanza imesimamishwa. Sentensi hiyo moja ilitakiwa iandikwe kwenye bahasha ya vidonge. Tena siku mbili tatu za mwanzo za ugonjwa huu hufanana na mafua kiasi kwamba hata wahudumu hupotea. Hukumpa dozi kubwa pia. Miligramu 200 mara mbili ni dozi ya kawaida ya kuanzia. Ugonjwa wa Stevens-Johnson hauji kwa kuzidisha. Kwa dawa za ukoo huu humpata kati ya mtu 1 na 10 katika kila watu 10,000 wanaozianza, na zaidi ya tisa katika kila wagonjwa kumi huugua ndani ya siku 63 za kwanza. Binti yako aliangukia humo bila kosa la mtu yeyote wa nyumbani kwako. Shemeji zako waambiwe hivyo, na wewe jiambie.

Kuna jambo kwenye barua yako ambalo huenda hata hospitali hawakulisikia, nalo ni ile Septrin. Septrin nayo ni miongoni mwa dawa zinazojulikana sana kwa kuleta ugonjwa huu. Ukiziweka tarehe zako mezani, koo na macho viliuma siku ya 13, kabla hujafika duka la dawa, kwa hiyo kidole kinaendelea kuielekea karbamazepini. Hata hivyo mwambie daktari, na mpaka aamue, binti asitumie Septrin wala dawa nyingine yenye salfa ya aina hiyo, kama SP ya malaria. Mwulize pia kama kipimo cha VVU kilifanyika alipolazwa. Huulizwa kwa kila mgonjwa wa namna hii, kwa kuwa kinga ya mwenye VVU hushtuka na dawa kwa urahisi zaidi. Si tuhuma kwa mtoto.

Mke wako anasema bora kifafa anachokijua. Namwelewa. Yeye ndiye aliyemgeuza. Ila naomba mkae naye mliulize neno hilo "anachokijua" polepole. Kifafa mlichokijua kilikuwa cha mtu anayeanguka sebuleni. Cha mwezi huu kimeingia kwenye mafiga. Kuna cha kwenye ndoo ya maji, cha juu ya bodaboda, cha usiku amelala kifudifudi, na kuna kile kisichokoma. Kumwacha bila dawa nako ni kuchagua, na kuna hatari yake inayohesabika kama ya dawa, tofauti yake ni kwamba haina bahasha wala tarehe. Wiki tano za utulivu zisiwadanganye. Kifafa hukaa kimya kisha kikarudi, na wengi wamedhani kimepona katika kipindi cha namna hiyo.

Mama yako naye asisukumwe pembeni. Bibi aliyeona mjukuu amerudi kutoka hospitali bila ngozi ana sababu ya kusema alichosema. Swali langu kwa unga wa mizizi ni moja: kuna nini ndani, na kiasi gani? Ngozi ya mtoto huyu imeshaonyesha kwamba ina kinga yenye hasira. Likitokea pele moja wakati anakunywa unga na kidonge kwa pamoja, hakuna daktari atakayejua kipi cha kusimamisha. Maombi hayana mgongano huo, yaendelee.

Sasa zile dawa mbili za daktari wa mjini. Zote ziko nje ya ule ukoo, na hilo ndilo jema lake la kwanza.

Valproeti ni dawa yenye nguvu na mfuko wako unaimudu. Shida yake ni kwamba binti ana miaka 20 na kuna barua ya posa. Mtoto akitungwa tumboni mama akiwa anameza valproeti, karibu mmoja katika kumi huzaliwa na kasoro ya mwili, nyingine kubwa, kama uti wa mgongo usiofunga. Na watatu hadi wanne katika kumi hupata shida ya ukuaji wa akili, kuzungumza au kujifunza. Madhara huanza wiki za mwanzo kabisa, mara nyingi kabla msichana hajajua kwamba ni mjamzito. Ndiyo maana wanawake wa umri wa kuzaa hawapewi dawa hii ila pale nyingine zimeshindikana, tena kwa uzazi wa mpango wa uhakika. Sijui kama daktari alikueleza haya. Ulikwenda peke yako, na yeye alikuwa anaongea na baba, hakuwa na msichana mbele yake. Ikiwa itafikiriwa, binti mwenyewe ndiye wa kuelezwa na kuulizwa, kabla ya kidonge cha kwanza.

Levetirasetamu haina historia hiyo kwa watoto walio tumboni, na mzio mkali wa ngozi kutokana nayo ni nadra sana. Nadra, baba, sisemi haupo. Mkubwa huanzishwa mara nyingi kwa miligramu 250 au 500 asubuhi na jioni, kisha daktari hupandisha kila baada ya wiki mbili kadiri anavyoona. Hupita kwenye figo, kwa hiyo zipimwe kwanza. Tatizo lake jingine mtaliona kwa tabia: wengine huwa wakali, hulia bila sababu au hukosa raha kabisa. Binti mpole akianza kurusha vyombo wiki ya pili, msifikiri ni kiburi wala mapepo. Mpigieni daktari, dozi hutazamwa. Akisema anatamani kufa, msingoje kesho.

Kisha lile gunia la viazi. Hesabu hii ni ya mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo usianze na dawa ambayo mwezi wa tatu utashindwa, kwani kuikatisha ghafla ni hatari kama nilivyosema. Kabla ya kununua boksi la kwanza, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya rufaa ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji, uulize kama binti anaingia kwenye msamaha. Kama mna bima, uliza dawa hiyo kwa jina lake kama imo, usiridhike na "bima inakubalika". Uliza pia bei ya levetirasetamu isiyo ya kampuni kubwa. Jina la kiwandani tofauti, dawa ile ile, na mara nyingine gunia hugeuka nusu gunia. Mkishaanza, kaeni kwenye boksi la aina moja kadiri mnavyoweza.

Ikiwa mtaamua kuanza dawa yoyote mpya, namna ya kuianza ina uzito kama jina lake. Iwe moja tu. Ndani ya wiki nane hizo asianzishiwe dawa nyingine mpya isiyo ya lazima, ili kitu kikitokea ajulikane mwenye kosa. Anzeni wiki ambayo hakuna safari wala msiba, na mna nauli ya kufika Mbeya usiku ikibidi. Kila jioni, kwenye mwanga, mama yake au dada yake amtazame midomo, ndani ya mashavu, macho, kifua na mgongo. Kipele kimoja kinachowasha bila homa mara nyingi si kitu, ingawa kipigiwe simu. Kinachowatoa nyumbani mbio ni homa pamoja na vipele, ngozi inayouma ukiigusa, malengelenge, vidonda mdomoni au sehemu za siri, macho yanayochoma, uso uliovimba, tezi za shingoni, au macho kuwa ya manjano. Hayo mawili ya mwisho na uso kuvimba huashiria ndugu mwingine wa mzio huu, yule anayeshambulia ini na damu, na huchelewa zaidi, kati ya wiki ya pili na ya nane.

Tengenezeni kadi. Karatasi ile moja ya hospitali ikilowa na mvua tumekwisha. Nakili jina la dawa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye boksi, pamoja na jina la kiwandani, kwa mfano Tegretol; tarehe aliyoanza, tarehe ya homa, jina la ugonjwa, siku alizolazwa. Chini yake andika kwa wino mwekundu: asipewe karbamazepini, fenitoini, fenobabitoni, lamotrijini wala okskarbazepini. Ipigeni picha ikae kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumbani, nyingine ifunikwe plastiki ikae kwenye nguo yake. Nasisitiza hili kwa sababu moja. Akianguka mfululizo na kufikishwa hospitali hajitambui, dawa za sindano ambazo zamu ya usiku huzikimbilia baada ya diazepamu ni fenitoini au fenobabitoni. Diazepamu haina tatizo kwake. Hizo mbili zina tatizo, na yeye saa hiyo hawezi kusema. Wadogo zake na kaka yake nao, wakiugua siku moja wakahitaji dawa za ukoo huu, waseme kwamba ndugu yao alibabuka; mambo haya hutembea kwenye damu ya familia.

Mkifika hospitali, uliza pia kama tukio lake liliripotiwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya nchi. Kuna fomu ya njano ya madhara ya dawa, na wana ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya. Ripoti haifunguliwi ili kumshtaki mtu. Hufanya sentensi ile uliyokosa wewe ifikie bahasha ya mwingine.

Kuna mambo mawili ya mwili ambayo barua yako imeyapita haraka. La kwanza ni macho. Ukavu na kuumizwa na jua miezi minne baadaye ni kovu la ugonjwa ule, na linaweza kuendelea kimyakimya: kope hugeukia ndani zikakwaruza kioo cha jicho mpaka kikapata ukungu. Aonwe na daktari wa macho mwezi huu, hata kama anaona vizuri. La pili siwezi kulizungumza na wewe kwa urefu, nalo wewe huwezi kumwuliza. Mama yake, au shangazi aliye karibu naye, amwulize taratibu kama kuna maumivu, kubana au kuziba sehemu za siri, au shida kwenye hedhi. Ugonjwa huu huacha makovu huko pia, wasichana hunyamaza, na hugundulika siku ya ndoa. Yakijulikana mapema yana tiba.

Na chanzo cha kifafa chenyewe kimetafutwa? Mtu anayeanza kuanguka akiwa na miaka 17, kwenye nyanda hizi ambako nguruwe huzurura na vyoo si vya kila nyumba, madaktari humfikiria tegu wa nguruwe aliyejikita kwenye ubongo. Picha ya CT ndiyo huonyesha. Simaanishi mmpe albendazo, ile dawa ya minyoo, nyumbani. Mnyoo ukifia ndani ya ubongo, ubongo huvimba karibu yake, kifafa kikazidi. Tiba hiyo hufanyika kwa dawa za kuzuia uvimbe na chini ya uangalizi. Swali tu, liongezwe kwenye orodha ya siku mtakayokwenda.

Wakati mnajadiliana, asipike peke yake kwenye mafiga. Jiko liinuliwe, au kazi yake iwe kumenya. Aoge kwa kopo, mlango usifungwe kwa komeo. Akianguka mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, mtazame saa. Ikipita dakika tano, gari. Povu haliambukizi, mshikeni bila woga.

Baba, barua yako ina sauti nyingi. Nimemsikia nesi, mke wako, mama yako, shemeji zako, daktari wa mjini, hata kwao na yule kijana. Nimetafuta sauti ya binti sikuiona. Ana miaka 20. Ngozi iliyobabuka ni yake, mkono ulioungua ni wake, na kidonge kikija ni yeye atakayekimeza. Pengine anaogopa dawa kuliko mama yake. Pengine anaogopa moto zaidi, au anaogopa kwamba posa itavunjika, na hajapata wa kumwambia. Na huyo kijana: nani atamweleza, na maneno gani? Hilo nalo ni lake kuamua, ingawa atahitaji baba wa kusimama nyuma yake akilisema. Umemwekea vidonge kiganjani kwa uaminifu mkubwa. Jioni moja mkitoka shamba, kabla hujapanga nauli ya watu wawili, mwulize anataka nini, kisha nyamaza umsikilize hata kama jibu halifanani na lako wala la mama yake.

Akipenda kuniandikia kwa mkono wake mwenyewe, ukurasa huu ni wake pia.

Mshauri